Karo Lisilojaa

Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa shehia yetu, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, chini ya mkungu wa skuli, baada ya sala ya Alasiri. Nimeyaandika tena kwa ajili ya waliokuwa baharini siku ile, na kwa ajili ya watoto wetu walioko ng'ambo, ambao huchangia kila tunapojenga na wana haki ya kujua tunajenga nini.

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sheha wetu, maalim, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na wanangu mliokaa huko nyuma juu ya ukuta: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Naanza kwa kuomba radhi, maana nimekuja kuzungumza habari za chooni mbele ya wakubwa, na kwetu mambo hayo hayasemwi hadharani. Lakini tangu tukiwa wadogo chuoni tulifundishwa kuingia chooni kwa mguu wa kushoto na kutoka kwa wa kulia, na dua yake tukafundishwa. Walimu wetu hawakuona haya kutufundisha yale. Basi nami leo sioni haya kuwauliza: yale tunayoyaacha mle ndani, yanakwenda wapi?

Nianze na nyumbani kwetu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi marehemu baba alipojenga choo cha ndani. Akaletwa fundi wa makaro, yaani mashimo ya maji machafu ya nyumba, na mtaimbo wake, sululu, na vijana wawili wa kubeba kifusi. Jabali letu mnalijua. Juu ni gumu, ukilipiga linatoa cheche. Ukishuka kidogo lina matundu kama mkate wa kumimina. Walipiga siku nne, mikono ikawatoka malengelenge. Siku ya tano, mchana, mtaimbo ukazama ghafla mpaka karibu umponyoke fundi. Ikatoka hewa ya baridi kutoka chini. Nilikuwa nimesimama ukingoni, ikanipiga usoni, nayo ilikuwa na harufu ya maji. Fundi akapiga kelele: "Pango! Bwana, umepata bahati, umepata pango!"

Baba alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Mama akamkaangia fundi samaki, akafungiwa na mkate wa kwenda nao kwake. Kwa sababu kila mtu hapa anajua kwamba karo lililofika pangoni halijai. Na kweli halikujaa. Miaka thelathini na zaidi tumelitumia, tumeoza watoto na kuzika wazee katika nyumba ile, wageni kwa mamia wamelitumia, na hatujaita gari la kunyonya hata siku moja. Baba alikuwa akilitaja barazani kwa fahari: karo langu halijai.

Na kisima cha bibi kilikuwa hatua arubaini kutoka pale. Tuliteka, tukanywa, tukapikia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja akayatazama.

Mimi nimekuwa fundi bomba kwa miaka 22 sasa. Makaro ya aina ile nimeyachimba kwa mikono yangu hapa hapa, zaidi ya yale ninayoweza kuyakumbuka. Nimejenga mawe bila saruji ubavuni ili maji yapenye, chini nimeacha wazi, juu nimefunika zege, nikalipwa, nikashukuriwa. Kwa hiyo ninayoyasema leo hayamwelekei mtu mwingine kwanza. Yananielekea mimi. Karo lisilojaa, jamaa zangu, halikumaliza uchafu. Limeupitisha tu.

Tazameni tunapokaa. Upande wetu huu hatuna mto wala ziwa. Mvua ya masika ikinyesha, maji yanapiga juu ya maweni na dakika ile ile yanapotea, yanazama ndani ya jabali. Huko chini maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Ndiyo maana visima vyetu vya karibu na pwani vinapanda na kushuka pamoja na bahari, na ndiyo maana ukivuta sana kisima kinaingia chumvi. Hayo maji yanayoelea ndiyo akiba yetu. Mabibi zetu waliyafuata mpaka ndani ya mapango, wakashuka na vibuyu. Na sisi tumetoboa matundu juu ya akiba hiyo hiyo, kila nyumba tundu lake, tukaelekeza huko choo, bafu na jiko.

Najua mmoja wenu atasema: bwana afya alitwambia choo kiwe mita 30 kutoka kisimani, na changu kiko 35. Ni kweli, kanuni hiyo ipo na inafaa sana mahali penye udongo. Udongo na mchanga mwembamba huyachelewesha maji, huyachuja, vijidudu hunaswa njiani na kufa. Lakini jabali la matumbawe lina mipasuko na vijia. Maji yakiingia humo hayachujwi, yanakimbia. Mita 30 za mchanga na mita 30 za mpasuko ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Wenzetu waliopata udongo mwekundu wa kati ya kisiwa wanaweza kusamehewa mengi ambayo sisi hatusamehewi na jabali hili.

Wiki iliyopita bamvua ilipokupwa nilikwenda pwani asubuhi kuangalia zile chemchemi ndogo. Kina mama wanaofunga mwani mnazijua kuliko mimi: maji yakishatoka kabisa, pale mchanga unapoanza kuinama, kuna vijito vyembamba vinachuruzika, ukionja si chumvi tupu. Watoto huchimba vishimo pale wakacheza. Hayo ni maji ya kisimani yakienda zake baharini. Nikapiga magoti kwenye kimoja kilichoko mbali na nyumba, upande wa kusini, mchanga wake ulikuwa mweupe, safi, unaona vishimo vidogo vya kaa. Kisha nikaja kwenye kile kilicho chini ya nyumba zetu za katikati. Ukingoni pameota utelezi wa kijani, mnene kama manyoya ya kuku aliyelowa, na ukiuvuta na kidole chini yake mchanga ni mweusi, unanuka yai lililoharibika. Mchanga uleule na bahari ileile, na kati ya vijito hivyo viwili si zaidi ya mwendo wa kumaliza uradi mfupi.

Sitaki kusema nisilolijua. Mwani wetu ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989, na mama zangu mnaokumbuka mnajua kottonii, ule mwani mnene, ilivyokuwa ikistawi hapa. Kufa kwake kuna mkono mkubwa wa joto la bahari, sitaki mtu aondoke hapa akisema fundi kasema makaro ndiyo yameua mwani. Lakini hili ni la hakika: mbolea inayotoka chooni ikifika kwenye maji yale yaliyofungwa nyuma ya mwamba, haichagui. Inalisha ukoga unaozonga kamba zenu, inalisha majani yanayofunika matumbawe, na mama zetu na dada zetu husimama humo saa tatu, saa nne, maji magotini.

Na kuna jambo kubwa kuliko mwani. Wazee wangu wanalikumbuka. Mwaka 1978 kipindupindu kilipotajwa Zanzibar kwa mara ya kwanza katika zama hizi, kiliibuka katika kijiji cha wavuvi, watu kama sisi. Waliougua walikuwa 411 na waliokufa 51. Hesabuni wenyewe: kila watu wanane walioshikwa, mmoja alizikwa. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1869 na 1870, kilipita visiwa hivi kikaua watu kwa maelfu. Ugonjwa huo haupandi upepo. Unatoka tumboni mwa mtu, unaingia kwenye maji au chakula, unaingia tumboni mwa mwingine. Ukikata njia hiyo, ugonjwa wenyewe umekufa.

Tangu Sultani Seyyid Barghash alipovuta maji kutoka chemchemi ya Chemchem mpaka mjini, sherehe yetu daima ni ya maji yanayokuja. Bomba likifika kijijini tunapiga vigelegele, na ni haki yetu. Lakini sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya maji yanayoondoka. Zamani mtu aliingia chooni na kopo moja. Leo kuna bomba, choo cha kuvuta, bafu la mvua, wengine mashine ya kufulia, na nyumba za wageni zina watu wanaooga mara tatu kwa siku wakitoka baharini. Maji yaliyoingia kijijini asubuhi yote yanatafuta pa kutokea kabla ya usiku, na njia tuliyoyaachia ni moja tu, tundu la jabali.

Sasa nije kwenye dawa, kwa sababu sikuja kuwatia huzuni.

Maji machafu yanatisha kwa sura, lakini ukiyapima karibu yote ni maji matupu. Katika ndoo ya lita 20, uchafu wenyewe, ulioyeyuka na usioyeyuka, ni kama gramu 20, kijiko kimoja cha kulia. Kazi yote ya kusafisha ni kukitoa kijiko hicho ndani ya ndoo. Na Mwenyezi Mungu ameshaumba wafanyakazi wa kazi hiyo, vijidudu visivyoonekana ambavyo chakula chao ni uchafu wetu. Sisi kazi yetu ni kuwajengea nyumba na kuwapa muda. Karo linalofika pangoni haliwapi muda. Maji yanapita mbio kabla hawajatia hata tonge mdomoni.

Nyumba ya kwanza ni tangi. Si karo, ni tangi: sakafu yake imemwagwa zege, kuta zimepigwa plasta isiyovuja, na ndani lina vyumba viwili. Chumba cha kwanza kinachukua theluthi mbili za urefu. Maji yanapoingia humo yanatulia. Kizito kinazama chini kuwa tope, mafuta na vyepesi vinaelea juu kuwa utando, na katikati yanabaki maji ambayo si safi lakini yamepungua ukali. Vijidudu vinavyoishi bila hewa vinalila lile tope taratibu mwaka mzima.

Na hiki nilichokishika mkononi, mnaokaa nyuma mnakiona? Ni kipande cha bomba chenye umbo la herufi T. Sisi mafundi tunakiita tii. Bei yake haifiki hata ya kilo ya pweza. Kinakaa kwenye mdomo wa kutokea, mguu wake mmoja unazama ndani ya maji chini ya ule utando, ili kinachotoka kitoke katikati, si juu penye mafuta wala chini penye tope. Nimefungua matangi mengi kisiwani humu, mapya, yenye marumaru juu, na ndani hamna tii. Mwenyewe amelipa mamilioni, na maji yake yanatoka na kila kitu. Mkijenga, simameni mkione kikiwekwa kwa macho yenu kabla ya mfuniko.

Nyumba ya pili ndiyo ninayoipenda, kitanda cha kokoto. Ni kama bwawa lisilo na kina, limejengwa kwa matofali na kuzuiwa chini lisivuje, maana juu ya jabali hili ukiacha tundu moja umefanya kazi bure. Linajazwa kokoto zilizooshwa vumbi, kina cha sentimita 60, na juu yake tunapanda matete. Maji ya kutoka tangini yanaingia upande mmoja na kutembea polepole kati ya mawe kwenda upande wa pili. Kila jiwe linavaa utelezi mwembamba, na utelezi ule ndio wale wafanyakazi. Mizizi ya matete inashuka na kufungua njia ili mawe yasizibe, na inapeleka hewa kidogo chini. Baada ya siku tano, sita, yanatoka maji yasiyo na harufu, unayaona mpaka chini ya ndoo.

Mama mmoja hapa mbele aliniuliza tangu jana, na naona bado ana wasiwasi: hamtuletei mbu? Mama yangu, swali lako ni la msingi. Maji ya kitanda hayaonekani. Yanakaa chini ya uso wa kokoto, kiasi cha upana wa kiganja, na mbu hawezi kutaga juu ya jiwe kavu. Mbu wetu wa usiku anayepiga kelele masikioni anatoka kwenye makaro na vyoo vyenye maji tulivyo navyo sasa. Wazee watakumbuka, mwishoni mwa miaka ya 1980, hapo jirani zetu Makunduchi, wataalamu walimwaga ndani ya vyoo chengachenga nyeupe nyepesi zinazoelea, zikafunika maji yote, huku watu wakipewa dawa ya matende. Mbu walipungua sana na vijidudu vya matende na mabusha vikapungua katika damu za watu. Na kwa nini vyoo vya Makunduchi vilikuwa na maji? Kwa sababu mashimo yale yalikuwa yameshafika yalipo maji ya ardhini. Jambo hilo lilikuwa wazi mbele yetu siku zote.

Tumekaa na kamati tukapiga hesabu ya mtaa mmoja wa kuanzia. Nyumba 20, watu wanane kila nyumba, ni watu 160. Tukichukua kila mtu anatumia lita 50 kwa siku, ni lita 8,000. Maji yakae tangini siku mbili na pabaki nafasi ya tope: tangi la mita 6 kwa mita 2 na nusu, kina cha maji mita 1.6. Kitanda, kwa nchi ya joto kama yetu, kinataka mita 1 hadi 2 za mraba kwa kila mtu. Tumechukua katikati, tukapata mita 12 kwa 20. Ndicho kile kiwanja kilicho nyuma ya madrasa, kinachoshuka kuelekea pwani. Kimeinama vizuri, kwa hiyo maji yatajiendea yenyewe. Hakuna pampu, hakuna umeme wa kulipia, na umeme ukikatika hakuna kinachosimama.

Yatakayotoka mwisho tutawapa migomba na minazi. Hapa maalim ataniongoza nikikosea. Mwaka ule ule wa 1978, Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba maji machafu yakisafishwa kweli kweli, najisi isibaki katika rangi, ladha wala harufu, yanarudi kuwa twahara. Mimi siwaambii mtawadhe kwa maji ya kitanda chetu. Kitanda kinaondoa mengi, hakiondoi yote, na mayai ya minyoo ni magumu kufa. Ndiyo maana nasema mgomba na mnazi, mti ambao tunda lake liko juu na lina ganda. Mchicha na kachumbari, hapana. Ile mbolea iliyokuwa ikilisha ukoga wa baharini iingie kwenye mkungu wa ndizi.

Nitakaa kidogo kwenye matunzo, kwa sababu hapa ndipo miradi ya watu inapofia. Nimekwenda kuona kitanda cha namna hii mahali pengine, kilijengwa vizuri kuliko tutakavyojenga sisi. Nilikikuta matete yamekauka upande mmoja na upande wa pili maji yanatambaa juu ya kokoto. Nikauliza nani mwenye ufunguo wa mfuniko wa tangi. Watu walitazamana. Tope lilikuwa limejaa tangini mpaka juu, likavuka kuingia kwenye kokoto, zikaziba. Hakuna aliyefanya ubaya. Hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kufungua mfuniko mara mbili kwa mwaka, akatia kijiti, akaangalia tope limefika wapi. Likifika theluthi moja ya kina, linanyonywa. Sisi kwa hesabu yetu itakuwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo kamati isichague tu mwenyekiti na mshika fedha. Ichague mwenye kijiti.

Na kila nyumba ina lake. Mchanga, jamaa zangu! Sisi ni watu wa pwani, tunarudi na mchanga miguuni, tunaoga nao, tunafulia nao. Mchanga hauozi wala hauliwi na kijidudu chochote, unajaza tangi kabla ya wakati. Oshea miguu nje, kwenye jiwe la mlangoni. Magamba ya samaki na nazi iliyokamuliwa wape kuku. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe kwenye sinki; kila jiko litakuwa na kisanduku cha kuyanasa, na kitafunguliwa kila wiki na mwenye jiko. Jiki msiimwage chupa nzima chooni mkidhani mnasafisha, mnawaua wafanyakazi wetu. Na nepi za kutupa, nawaomba kina mama vijana, hizo kabisa zisiingie humo.

Jambo hili sasa nalisema kwa uzito, na nataka vijana mlio ukutani mnitazame. Asiingie mtu ndani ya tangi wala karo. Asiingie kwa dakika moja, hata kama kimeanguka kitu cha thamani namna gani. Humo kuna hewa nzito isiyo na oksijeni, na nyingine ya sumu ambayo mwanzo inanuka, kisha inaua pua usisikie harufu tena. Mtu anaanguka bila kupiga kelele. Ndugu yake anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Ndivyo watu wanavyokufa wawili na watatu katika shimo moja. Simu ikitumbukia, iacheni huko.

Kuhusu nyumba za wageni nitasema kwa ufupi. Mwaka juzi gari la kunyonya lilitoka katika mojawapo, sitaitaja, likaenda kumwaga huko maweni. Vijana waliokuwa wakitafuta kuni waliliona. Dereva alipoulizwa akajibu kuwa kamwaga mbali na nyumba za watu. Nililia siku ile, si kwa hasira, kwa kuwa niliona hata yeye hajui. Juu ya jabali hili hakuna mbali. Aliyemwaga maweni amemwaga kisimani, safari tu ndiyo ndefu kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 ipo, na sheha anajua pa kupeleka malalamiko. Lakini na mimi nitapata wapi uso wa kumshitaki mtu wa gari, ilhali karo la kwetu linamwaga pangoni kila siku? Tukishafunga yetu, tutazungumza nao kama watu wenye haki ya kuzungumza. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituonya kuhusu kujisaidia penye maji ya watu, njiani na kivulini. Kisima cha bibi kilikuwa maji ya watu.

Fedha, mshika fedha atawasomea. Nakubali kabisa kwamba kuna nyumba hazitaweza kuchangia saruji. Zitachangia kokoto. Kokoto za kitanda kizima ni mita za ujazo zipatazo 144, na kila moja lazima ioshwe, kwa sababu vumbi la chokaa likiingia litakwenda kuganda kati ya mawe. Hiyo ni kazi ya mikono mingi, na mwenye mikono amechangia sawa na mwenye fedha. Naomba kamati iandike hivyo katika daftari.

Jumamosi ijayo ni maji mafu, hakuna atakayekwenda mwani asubuhi, kwa hiyo tumechagua siku hiyo kupima. Tutakutana nyuma ya madrasa saa mbili. Kila nyumba katika zile ishirini ije na mtu mmoja anayejua karo lao lilichimbwa lini, lina kina gani, na lilijaa lini mara ya mwisho. Msifiche. Lile ambalo halijawahi kujaa ndilo tutakaloliandika juu kabisa.

La kwanza kwenye orodha tayari ninalo, ni la kwetu. Mama amekubali livunjwe mfuniko na lizibwe. Yule fundi aliyepata pango bado yupo, mnamjua, ni mzee sasa na macho yamepungua nguvu. Nilimfuata juzi nikamweleza yote haya. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kwamba mtaimbo ulipozama siku ile alisikia maji yakipita, na anakumbuka yalikuwa yakielekea upande gani. Jumamosi atakuja, atashikwa mkono mpaka ukingoni, atuonyeshe.

Kamba ya kupimia ninayo mimi. Ahsanteni, wabillahi tawfiq.